Viatu Vipana vya Mke Mwenza

Jumatatu, 2 Machi

Leo nilimuuliza daktari kama huu ni wakati mzuri wa kubadilisha miwani. Alitazama vidole vyake kwanza, kisha akasema, "Hiyo uliyo nayo itakutosha, Mzee."

Nimekuwa hakimu sehemu kubwa ya maisha yangu. Hukumu naijua hata ikisomwa kwa sauti ya chini. Nilipombana alikubali kwamba moyo umechoka, kwamba huenda nikauona mwisho wa msimu huu wa mvua na huenda nisiuone, na kwamba nisinyanyue kitu kizito. "Kuanzia lini?" nikauliza. "Kuanzia sasa," akasema, akauchukua mkoba wangu na kunibebea hadi mlangoni.

Wasia nilikwisha kuuandika. Kurasa hizi ni za mambo ambayo mtu wa umri wangu hawezi kuyasema mezani. La kwanza ni hili, na atakayesoma asinicheke: nataka kulivalisha gari langu magurudumu mapana.

Jumanne, 3 Machi

Gari lenyewe nililinunua mwaka nilioteuliwa kuwa hakimu. Lina milango minne, rangi ya majivu, na taa mbili za duara mbele, kama macho ya mtu aliyeamshwa ghafla. Wiki ileile nilikuwa nimemwona ndugu yake kwenye mashindano ya magari. Umbo lilelile, lakini madigadi zimevimba, matairi mapana yamejaa chini yake, na mwili umeinama karibu na ardhi kama paka anayejiandaa kuruka. Nilisimama kwenye uzio hadi shingo ikauma. Kisha nikaenda kununua la majivu lenye magurudumu membamba, kwa sababu hakimu hafiki mahakamani na gari linalowatia washtakiwa wivu.

Mke wangu, ambaye alikuwa mkunga hadi alipostaafu, huliita gari hilo "mke mwenzangu", kwa vile kila Jumamosi nililiogesha na kulikausha kwa kitambaa laini.

"Mke mwenzangu ameamkaje?" huniuliza.

"Amekuulizia," humjibu.

Leo asubuhi nilimwita Upepo, fundi matairi wa hapo kona. Wazazi wake walimpa jina jingine, ila hakuna anayelikumbuka. Aliingia bandani, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, mpira ukapasuka vipande kama mkate wa juzi.

"Mzee, haya si matairi tena," alisema. "Haya ni kumbukumbu."

Akanipa njia mbili. Anaweza kuagiza membamba kama haya, saizi ileile, yatafika baada ya siku chache. Au kuna rimu pana alizozitoa kwenye gari la ukoo huuhuu, na matairi yake mapana, ziko dukani zinakula vumbi. Moyo wangu, uliokatazwa kitu chochote kizito, uliruka.

Mchana mezani mke wangu aliuliza fundi amesemaje. Nikasema, "Saizi ya zamani haitengenezwi tena. Imebaki pana tu."

Basi. Hakimu mstaafu, kijiko mkononi, bila hata kuapishwa.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua imefika. Mke wangu hajapendezwa.

"Gari la heshima vile, ulivalishe matairi ya vijana? Litafanana na mzee aliyevaa raba za mjukuu wake."

Ndugu yake mdogo alikuwepo, kama kawaida yake saa za kula. Ana duka la vitambaa na mwili wa watu wawili. Mtaa mzima humwita Tani, naye huitika.

"Shemeji," akaniuliza, "ukishavaa raba utakimbilia wapi?"

"Nitakukimbia wewe kabla hujamaliza mkate."

Ijumaa, 6 Machi

Mvua.

Jumamosi, 7 Machi

Mvua. Shemeji hakuja. Mkate ulibaki.

Jumatatu, 9 Machi

Siku ya vipimo. Upepo alilipandisha gari kwenye jeki, akaondoa gurudumu la nyuma, akaingiza mkono chini ya madigadi. Yeye hupima kwa vidole. "Huku viwili, huku kimoja na nusu. Linapita." Mimi nilikaa kwenye kiti na rula, penseli na kipande cha boksi nilichokikata kwa umbo la tairi jipya. Nikapima, nikajumlisha, nikatoa. Jibu langu na vidole vyake vikakubaliana, tukapeana mikono kama watu waliotia saini mkataba.

Ubavu wa kulia umebanana na ukuta wa banda, kwa hiyo tulipima wa kushoto. Kwenye safu ya kulia niliandika: vilevile.

Jumamosi, 14 Machi

Yamefungwa!

Upepo alikaza nati ya mwisho, tukalisukuma gari hadi uani, mvua ikiwa imekata kidogo kwa heshima yetu. Sijui niandikeje. Lilikuwa gari la karani. Sasa limetanua miguu na kukaa chini, mabega yamejaa. Nilizunguka mara moja, nikapumzika, nikazunguka tena.

Binti yangu, kitinda mimba wetu, anayefundisha kemia na bado anaishi nasi, alipiga mluzi kutoka dirishani. "Baba! Kumbe ndani ya lile koti la kazi alikuwemo mtu huyu?"

Nikaona ndiyo nafasi. Nikasema ninachokitaka: safari moja tu. Niendeshe mimi, mke wangu kando yangu, hadi bwawani juu kule na kurudi, kabla mvua haijaisha. Binti yangu alimpigia simu daktari. Wakajadiliana kana kwamba mimi ni mzigo unaosafirishwa. Mwishowe: sawa, asubuhi ya Jumapili, barabara ikiwa tupu, mwendo wa pole.

Mke wangu alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Nendeni. Mimi hilo sipandi. Mrudishie viatu vyake, nitapanda."

"Havitengenezwi, Mama," nikasema.

"Basi na mimi sitengenezwi tena. Kaa na raba zako."

Jumatatu, 16 Machi

Leo Shemeji aliomba aonjeshwe, akajipakia kiti cha nyuma. Binti yangu alirudisha gari kinyumenyume hatua chache tu, likapiga ukelele kama nguruwe aliyekanyagwa. Shemeji alidhani ni yeye, akaruka nje kwa wepesi ambao sikujua anao.

Upepo alilala chini kwenye tope, akaangaza tochi. Gurudumu la nyuma la kulia; ukingo wa madigadi umechonga mpira. La kushoto halijaguswa. Tukashangaa, kisha hatukushangaa tena. Miaka yote niliyokwenda kazini niliketi peke yangu kwenye usukani, upande wa kulia, na springi ya upande huo imechoka kunibeba. Ubavu wa kulia uko chini kuliko wa kushoto, na kila anayesimama nyuma ya gari anaona. Tena tulipima gurudumu likiwa linaning'inia kwenye jeki, gari tupu. Hatukumweka hata paka ndani.

"Lakini, Mzee," Upepo akasema kutoka chini, "wewe si ulikuwa hakimu? Si huwa mnasikiliza pande zote mbili?"

"Na wewe si fundi?"

"Mimi nilifuata mahakama."

Tulicheka hadi binti yangu akaja kunishika mapigo ya mkono.

Alhamisi, 19 Machi

Ngazi zimenishinda. Kitanda kimeshushwa chumba cha chini, pembeni ya dirisha la uani. Neema juu ya neema: naliona gari nikiwa nimelala.

Ijumaa, 20 Machi

Siku mbaya. Niandike yote.

Upepo alikuja na springi mpya begani, amelowa chapachapa. Mke wangu, ambaye hana ugomvi na fundi, alimkaribisha jikoni apate chai. Mimi nilikuwa mezani. Upepo akapuliza kikombe chake, akasema kwa furaha ya mtu anayeleta habari njema:

"Mama, na yale membamba aliyoyakataa Mzee, usiwe na wasiwasi, hayakukosa mtu. Kuna mtu ana gari kama lenu, nimemwagizia yeye."

"Yale yapi, mwanangu?"

"Si yale ya saizi ya zamani. Nilimwambia Mzee yako tele, naagiza tu."

Sikuinua macho. Nilisikia mvua, nikasikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe cha Upepo, kikapunguza mwendo, kikasimama. Naye si mjinga. Alimeza chai yote kwa mkupuo mmoja, ya moto vile, akaaga.

Mke wangu alifuta meza. Aliifuta mpaka ikawa safi, akaendelea kuifuta.

"Mheshimiwa," alisema. Huniita hivyo nikiwa na kesi. "Haitengenezwi tena?"

"Mama, nilikuwa ninata..."

"Nimekuuliza jambo la ndiyo au la."

"Inatengenezwa."

"Ungesema unayataka tu. Ningegomba siku mbili, ya tatu ningenyamaza. Unanijua. Kwa nini unidanganye kwa sababu ya mpira?"

Nilitafuta jibu la kunitetea. Nimewasikia mawakili wengi, najua jinsi sentensi inavyoweza kuvalishwa shati safi. Lakini lililotoka lilikuwa uchi.

"Niliona aibu. Nilidhani mtu akifika hapa nilipofika hapaswi kutaka kitu. Anapaswa kushukuru tu."

Alikaa. Kitambaa cha meza bado mkononi.

"Na mimi, unajua kwa nini nilikataa?"

"Kwa sababu ya raba za mjukuu."

"Hayo ni maneno ya kuchekea. Sikiliza. Mashati yako yote nimeyapunguza mabega. Chumvi imeondoka mezani. Kitanda kimeshuka chini. Jana nilikukuta umesimama kwenye ukumbi unapumzika, kati ya kiti na kiti. Kila kitu chako kinabadilika mwaka huu, na hakuna anayeniuliza. Nilitaka kimoja tu kibaki kama nilivyokizoea. Hata kama ni hilo limke mwenza lako."

Sikuwa nimefikiri hivyo hata mara moja. Ninakiri. Nilikuwa nimejihesabu mimi peke yangu kuwa ndimi ninayeondoka, sikumhesabu anayebaki.

Nikasema nitamwita Upepo, ayatoe mapana leo hii, aagize membamba.

"Thubutu," akasema. "Ukiyatoa utakuwa unanidanganya tena, eti huyataki. Yaache. Ila mimi sipandi. Mwanzo nilikataa kwa sababu ya magurudumu. Sasa nakataa kwa sababu yako."

Akanimiminia chai. Ilikuwa baridi.

Jumamosi, 21 Machi

Mvua. Chai baridi.

Jumatatu, 23 Machi

Mvua kubwa, bomba la paa limeanguka. Shemeji alipata chai ya moto na mkate wenye siagi. Mimi baridi. Aliponiangalia kwa huruma nilimwambia ni agizo la daktari.

"Daktari yupi?" akauliza mke wangu kutoka jikoni.

Alhamisi, 2 Aprili

Siku kadhaa sikuandika. Nilivimba miguu, wakanipeleka hospitali, wakanichoma sindano, wakanirudisha. Mke wangu alilala kwenye kiti kando ya kitanda, akanigeuza, akanipangusa, akaniamuru nimeze hiki na kile. Kila kitu kwa mikono ya mkunga, ambayo haiulizi. Lakini hakuniita Baba wala Mzee. Alisema, "Geuka." Alisema, "Meza." Nilipojaribu kumshukuru alisema, "Fungua mdomo."

Jumatatu, 6 Aprili

Chai vuguvugu! Nimeandika kwa herufi kubwa moyoni.

Jumamosi, 11 Aprili

Springi mpya imefungwa. Ubavu wa kulia umeinuka, sasa gari linasimama sawa kama mtu aliyepona kiuno. Lakini Upepo anasema bado nafasi ni ndogo. Lazima ukingo wa ndani wa madigadi ukunjwe juu. Hilo hufanywa hivi: unachukua kijiti kinene cha duara, unakiingiza kati ya tairi na ukingo, kisha watu wanasukuma gari polepole. Gurudumu likizunguka, kijiti kinabiringika nalo, na chuma kinajikunja bila hata kupasua rangi.

Hakukuwa na kijiti kinachofaa. Shemeji akatokomea jikoni, akarudi na kitu amekificha nyuma ya mgongo wake. Mgongo ule unaweza kuficha mlango.

Niliwatazama kutoka dirishani: binti yangu na Upepo wanasukuma, Shemeji amechuchumaa anashika kijiti na kutoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Chuma kikasaga meno, kikatii. Kazi safi. Ndipo mke wangu akatokea uani.

"Huo si mchi wangu?"

Shemeji akautazama kana kwamba ndiyo kwanza anauona.

"Nauliza. Huo mnaotwangia gari, si mchi wangu?"

"Dada," Shemeji akasema, "ulikuwa umekaa bure tu."

"Na wewe umekaa bure miaka yote hii, nimekuingiza chini ya gari?"

Nilicheka kwa sauti, nikajikohoza. Aligeuka kuelekea dirishani. Sina hakika, miwani yangu ni ya zamani, ila naamini alikuwa anajizuia.

Jumapili, 19 Aprili

Mvua asubuhi hadi jioni. Safari imeahirishwa.

Jumapili, 26 Aprili

Mvua. Imeahirishwa. Naandika kwa shida, mkono unatetemeka. Binti yangu amesema kama sina nguvu tusiende. Nimemwambia kuendesha gari ni kukaa tu.

Ijumaa, 1 Mei

Chai ya moto. Sikuthubutu kusema neno, nikaunguza ulimi.

Lakini nilipomuuliza kuhusu Jumapili, alisema, "Chai ni chai. Gari ni gari."

Jumapili, 3 Mei

Ni mchana sasa. Nimelala, mito mitatu mgongoni, na nimekataa kusinzia kabla sijaandika.

Asubuhi mbingu ilikuwa nyeupe, barabara zimelowa, hakuna mvua. Upepo alifika amevaa shati la kutokea. Alisema hatoki mtu langoni mpaka jaribio la mwisho lifanyike, safari hii gari likiwa na uzito wake wote, maana hataki aibu mara ya pili. Binti yangu alileta chaki kutoka kwenye mkoba wake wa shule, wakapaka matairi ya nyuma mabegani. Tairi likigusa madigadi popote, chaki itaacha alama pale pale.

"Gari litabeba nani?" Upepo akauliza.

"Mimi na mke wangu," nikasema.

Wote wakatazama nyumba. Mlango umefungwa.

"Nitakaa mimi," akasema Shemeji.

"Wewe si kipimo," Upepo akamjibu. "Wewe ni mafuriko."

Basi Shemeji akajaza gunia mchanga, akaliburuta hadi kiti cha mbele kushoto, akalikalisha, akalifunga mkanda. Halafu, kwa kuwa hajui pa kuishia, akavua kofia yake na kulivalisha. Mimi nikaingia kwenye usukani. Tulikuwa tumekaa hivyo, mimi na gunia, wakati mlango wa nyumba ulipofunguka.

Mke wangu alitembea hadi kwenye dirisha la gari. Aliinama.

"Huyu nani?"

"Huyu ni wewe, Dada," Shemeji akasema. "Kwa ajili ya kipimo tu. Uzito karibu sawa, nimekupunguzia kidogo kwa adabu."

"Mimi?"

"Tena mpole," nikasema. "Hajanigombeza tangu tukae."

Binti yangu alifumba macho.

Mke wangu akafungua mlango. Akafungua mkanda. Akalikumbatia gunia lile kiunoni kama anayemtoa mlevi kwenye sherehe, akalivuta, akaliachia kwenye dimbwi. Maji ya tope yakamrukia Shemeji hadi kifuani.

"Mahali pangu hapakaliwi na mchanga," alisema. Akaketi, akajifunga, akaweka mikono mapajani, macho mbele. "Nimepanda kama mzigo, si kama mke. Pimeni."

Binti yangu akaingia nyuma haraka, Shemeji naye na matope yake, kabla mtu hajabadili mawazo. Upepo akachuchumaa nyuma ya gurudumu la kulia. "Twende, Mzee!"

Niliwasha. Injini ikaitika mara ya kwanza, sauti ileile. Ili kutoka uani lazima ukate kulia, ukwepe tangi la maji. Nikashika usukani, nikauzungusha.

Haukuzunguka.

Nikadhani nimesahau kitu. Nikaushika kwa mikono yote miwili. Sasa naelewa, na Upepo anaelewa, na hakuna kati yetu aliyeliwaza katika vipimo vyetu vyote: matairi mapana hushika ardhi kwa upana wao wote, na gari la zamani halina kitu cha kukusaidia isipokuwa mabega yako. Yale membamba niliyazungusha kwa kidole. Haya yaliusubiri mwili wa mtu niliyekuwa zamani. Nikaachia breki kidogo, gari likajongea, nikavuta tena. Usukani ukaja nusu, ukagoma.

Nadhani wa nyuma waliamini naonja raha yangu taratibu. Nikainua mkono nikarekebisha kioo, ambacho kilikuwa sawa. Nikafuta dashibodi kwa kiganja. Uongo mwingine ulikuwa umekwisha kuja mdomoni, umevaa vizuri: kwamba kuna tatizo la springi, kwamba Upepo alitazame, kwamba twende Jumapili ijayo. Wangeniamini wote. Yeye pia angeniamini, au angefanya kama ameniamini, na angeshuka, na tusingerudi tena hapo.

"Mama," nikasema. Nilisema polepole, wa nyuma wasisikie. "Siwezi. Ni mzito. Siwezi kuuzungusha."

Aliendelea kutazama mbele.

"Sema tena," akasema.

"Siwezi."

"Hilo sijawahi kulisikia kwako tangu unioe." Akafungua mkanda wake. "Shuka."

"Tunarudi ndani?"

"Nani kasema tunarudi? Nimesema shuka, tubadilishane."

Upepo alinishika mkono tukazunguka mbele ya gari, hatua fupi, nikishikilia boneti. Tulipishana na mke wangu kwenye taa. Alinigusa begani kana kwamba ananiweka sawa kola. Mtu asisahau kwamba mwanamke huyu aliendesha gari la zahanati kwenye matope miaka mingi, usiku na mchana, akiwahi watoto wa watu. Alisogeza kiti, akakunja mikono ya gauni, akaliacha gari lijongee kidogo, kisha akauvuta usukani kwa bega zima. Gari likakata kona ya tangi kama siagi.

"Unasubiri lianze kutembea, ndiyo unazungusha," akaniambia. "Miaka yote hiyo, nyinyi wawili mlikuwa mnafanya nini Jumamosi?"

Tulizunguka uani na Shemeji kule nyuma akiwa uzito wa kutosha kwa safari yoyote. Upepo alikagua madigadi zote kwa tochi. Hakuna alama hata moja ya chaki. Akapiga paa kofi mbili.

Mke wangu akasimamisha gari langoni. "Wa nyuma, teremkeni."

"Mama, lazima niwepo," binti yangu akasema. "Baba akizidiwa njiani?"

"Mimi ni mkunga."

"Baba si mjamzito, Mama!"

"Teremka."

Wakateremka. Tukatoka.

Sitaeleza barabara, ni barabara tuliyoijua, imelowa, na maji yakikimbia kandokando. Nitaeleza magurudumu, kwa kuwa yamenigharimu. Kwenye mteremko wa kwanza yalishika lami kama mikono. Kwenye kona gari halikuinama, lilikaa chini na kupita. Nilisubiri aseme neno. Alikaza midomo. Tukapita kona ya pili, akaingia kwa mwendo zaidi ya ile ya kwanza. Ya tatu zaidi.

"Linashika," akasema mwishowe, kama mtu anayetoa ushahidi bila hiari.

"Nilidanganya, Mama," nikasema. "Nisamehe."

"Nilikusamehe siku ya chai vuguvugu. Kilichobaki kilikuwa kiburi tu." Akabadili gia. "Hivi huyu Upepo, hana mapana zaidi ya haya?"

Nilicheka hadi nikashika kifua, akanitupia jicho la mkunga, akaona ni kicheko, akarudisha macho mbele. Mimi yangu niliyaacha kwake. Nimeendesha gari hili miaka yote akiwa kando yangu, na kazi yangu ilikuwa kutazama mbele. Hadi leo nilikuwa sijui kwamba akiwa barabarani huuma pembe ya mdomo, na kwamba barabara ikinyooka, huachia.

"Unanitazama nini?" akasema. "Tazama barabara."

"Barabara si kazi yangu tena."

Akaongeza mwendo.